Kochi Langoni

Baba yangu alikuwa akiniomba msamaha kila asubuhi, na kila asubuhi nilimsamehe, mpaka nikachoka. Kusamehe hakukunichosha. Kuombwa ndiko kulikonichosha. Hebu fikiria, umetoka kulala, macho yana tongotongo, unatafuta mswaki, na mzee mzima amesimama mlangoni na ufagio mkononi: "Samahani, mama, kwa yote." Yote yapi tena, baba? Yale yale. "Tulishamaliza, baba," nasema. "Asante, mama," anasema, kisha anakwenda kufagia uwanja ambao ameshaufagia.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu ni banda la mabati mbele ya nyumba yetu, na ukipita barabarani utanisikia kabla hujaniona, ama napiga nyundo ama napiga kelele. Kazi hii ilikuwa ya baba, ingawa siye aliyenifundisha. Nilipokuwa shule ya msingi aliondoka nyumbani na mwanamke wa mtaa wa pili, akabeba na cherehani pekee tuliyokuwa nayo, ile iliyokuwa inatulisha. Mama alibaki na watoto na mahali patupu dirishani palipokuwa na cherehani. Akawafulia watu nguo mpaka vidole vikapinda, na akafariki bila kumwona tena yule bwana. Ufundi niliupata kwa jirani, kwa kuokota vipande na kuiba kwa macho.

Miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa kanisa, tena mwanakwaya. Lakini tukisali ile sala ambayo kila Mkristo anaijua tangu utotoni, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nakohoa. Wenzangu walidhani nina kifua. Mume wangu, ambaye ni fundi bomba na maneno yake ni ya kuhesabu, ndiye aliyegundua. "Hiki kikohozi chako," aliniambia Jumapili moja tukirudi nyumbani, "mbona kinajua mahali pa kuja?"

Nilinuna siku nzima. Lakini Jumapili iliyofuata niliyatamka yale maneno bila kukohoa, nikisikia kama nameza kokoto. Nikayatamka hivyo hivyo wiki baada ya wiki, baba simwoni wala sijui alipo, mpaka siku moja nikashtuka kwamba yamepita na hakuna kilichonikwama.

Kwa hiyo siku alipojitokeza langoni kwetu, amekonda, ana begi moja, na yule mwanamke alishamfukuza zamani, mimi nilikuwa nimeshamaliza kazi ya kusamehe. Alianza hotuba ndefu aliyoiandaa njiani. Nikamkatiza. "Baba, nimekusamehe. Mungu kanisamehe mimi mengi tu. Ingia ndani. Viatu viache hapo, nimepiga deki." Alilia palepale kizingitini. Mimi nilingoja mpaka ameshika kikombe cha chai, ndipo nikaenda bafuni kulia ya kwangu.

Nilidhani mambo yameisha. Kumbe.

Tulimpa chumba cha uani. Begi akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, limejaa nguo, limefungwa zipu. Akitaka shati analitoa, akilivua analifua, likikauka analirudisha begini. Kabati tulimpa, ndani yake aliweka Biblia na kipande cha sabuni, basi. Aliishi kwetu kama mtu anayesubiri basi stendi. Katika nyumba ya fundi makochi, ambamo hata paka ana kiti chake, yeye alikaa kwenye kigoda cha jikoni, na alikula sote tukishamaliza. Wanangu wakimmwagia uji, yeye ndiye anayeomba radhi.

Na haniiti. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote. Nilipokuwa mdogo alikuwa ananiita Sindano, kwa sababu nilikuwa mwembamba na mdomo wangu unachoma. "Sindano!" Sauti ilisikika mtaa mzima, nami popote nilipo naitika, "Abee, baba!" huku nakimbia. Sasa akinihitaji anakuja karibu, anajikohoza taratibu mpaka nigeuke. Jina langu likawa "mama," likawa "fundi," na siku moja mbele ya mteja eti "bosi." Bosi! Mtu aliyenizaa!

Kanisani alikaa benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, na ikifika wakati wa Meza ya Bwana anatoka nje kama mtu aliyeitwa. Mchungaji alimfuata. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. "Mzee, Mungu amekusamehe. Binti yako amekusamehe. Sasa unamsubiri nani mwingine?" Baba alisema asante sana, mchungaji, kisha akaenda kupanga viti.

Nikamlalamikia mume wangu. "Mwambie akae kitako," akasema.

"Nimemwambia mpaka mate yamekauka."

"Umemwambia huku ufagio anao mkononi?"

"Sikumpa mimi. Aliuchukua mwenyewe."

"Na hukumnyang'anya."

Nilimjibu vibaya, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Uwanja uliofagiliwa na chai ya kukuta mezani ni vitu vitamu, tusidanganyane.

Basi ikaja kazi ya Mama Ukumbi. Huyu ni mama mwenye ukumbi wa harusi hapa mtaani kwetu, mwanamke wa kujua anachotaka na kukitaka jana. Alitaka makochi ya jukwaani yavalishwe upya, yale wanayokaa maharusi na wazazi, na Jumamosi kulikuwa na harusi. Kitambaa alikileta mwenyewe: mahameli ya kijani kibichi, jora la mwisho dukani, na mwenye duka alishamwambia jingine kama hilo halitapatikana. "Ukiniharibia hii," aliniambia, "mimi na wewe hatujuani." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuvalisha kochi kwa mahameli. Nimezoea vitambaa vya kawaida na ngozi bandia. Lakini nani anamwambia mteja maneno kama hayo?

Mgongo wa kila kochi ni vipande viwili, cha kushoto na cha kulia, na kila kipande kina upinde kwa juu na kimenyooka kwa chini. Kwa kitambaa cha kawaida, fundi asiyependa hasara hupanga vipande kichwa kwa miguu, kama watoto wengi wanaolala kitanda kimoja: huyu kichwa huku, yule kichwa kule. Kitambaa kinatosha vizuri. Ndivyo nilivyopanga. Nikachora kwa chaki, nikashika mkasi. Baba alikuwa ng'ambo ya meza, amenishikia mwisho wa kitambaa. Nikamwona anapitisha kiganja juu ya mahameli, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Akafungua mdomo.

"Vipi, baba?"

Akaufunga. "Samahani, mama. Nikuletee maji?"

Maji ya nini? Sikuwa na kiu. Lakini alishaondoka, nami nilikuwa na haraka, nikakata. Nikakata yote.

Bandani kwangu mwanga ni hafifu, mabati kila upande. Tulivalisha kochi la kwanza humo humo, mimi navuta na kupiga stepla, yeye anashika na kuokota vipande. Lilipokamilika tukalisukuma nje, yeye upande huu, mimi ule, tukaliweka karibu na lango juani nilione vizuri.

Mungu wangu. Kochi moja, rangi mbili! Upande wa kushoto wa mgongo ulikuwa kijani iliyokolea, safi kabisa. Upande wa kulia umepauka, mweupe-mweupe, kama umesuguliwa na majivu. Nikaupangusa kwa mkono, nikidhani ni vumbi. Halikuwa vumbi. Kumbe mahameli ina manyoya, na manyoya yake yanalala upande mmoja kama ya paka. Ukiyapanga yatazame chini inakuwa rangi hii, ukiyageuza yatazame juu inakuwa rangi nyingine. Na mimi nilikuwa nimekata kichwa kwa miguu. Nusu ya migongo yote ilikuwa imepinduliwa, na jora limekwisha.

Ndipo nikakumbuka kile kiganja, kwenda na kurudi. Nikageuka.

"Baba. Uliona?"

"Niliona, mama."

"Kabla sijakata?"

"Kabla hujakata."

"Ukanyamaza?"

Aliinamisha kichwa. "Mimi ni nani wa kukusahihisha wewe? Mtu aliyefanya niliyoyafanya mimi anafungua mdomo amwambie nini mtu?"

Hapo, ngoja niseme tu, ile cherehani ikanipanda kooni. Ikaja na kila kitu: lile pengo la dirishani, vidole vya mama, sare yangu ya shule yenye viraka. Neno likafika kwenye meno kabisa. Ulituibia, na sasa umeniharibia na kazi. Haki ya Mungu, lingekuwa tamu kulitema. Nikauma mdomo. Nikasema kimoyomoyo, Bwana, hili nilishalitua kwako, usiniache nilibebe tena. Nikasimama hivyo, kimya, nikipumua, na baba akakielewa vibaya kile kimya.

Akaenda uani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu, na begi liko begani. Halikuhitaji kupangwa, lilikuwa tayari tangu siku aliyofika.

"Nimekuharibia tena, mama," alisema. "Bora nisiwe karibu. Mungu awabariki wewe na watoto."

Niliogopa. Niliogopa kama mtoto mdogo, kwa maana nilishawahi kuutazama mgongo wa mtu huyu ukitoka langoni, na sikutaka kuuona tena. Sikujua la kufanya. Nikashika lile kochi la rangi mbili, nikalivuta kwa nguvu zote, miguu yake ikikwaruza ardhi, mpaka likaziba lango zima. Nikakaa katikati. Nikakunja mikono.

"Pita," nikamwambia.

"Mama, tafadhali."

"Pita juu ya kochi. Na usiniite mama! Mama yangu alishakufa. Mimi ni mtoto wako."

Watu walianza kusimama barabarani. Waache wasimame.

"Nisikilize vizuri, baba. Ile ya cherehani nilishaisamehe. Imekwisha, hata ukiitafuta huioni. Hii ya kunyamaza ndiyo sijaisamehe! Unaniona naharibu mali ya watu, halafu unakwenda kuniletea maji? Baba gani huyo? Nimekua sina mtu wa kuniambia, we mtoto, acha. Ukarudi, nikasema asante Mungu, na mimi sasa nina baba. Kumbe umeniletea mfagiaji. Mfagiaji nikimtaka si namwajiri? Kila asubuhi unaniomba msamaha kama vile jana sikukupa. Mimi umenifanya mwongo, na Mungu umemfanya mwongo. Kule nyuma uliniondolea baba mara moja. Sasa unaniondolea kila siku, tena na ufagio mkononi!" Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Kama unaamini umesamehewa, nigombeze! Nimeharibu kitambaa. Nigombeze kama baba!"

Alisimama pale na begi lake. Alinitazama, kisha macho yakashuka, yakafika kwenye kochi, yakatua kwenye sketi yangu ya kazi.

"Inuka hapo," akasema, pole pole.

"Siinuki."

"Inuka, nimesema. Unakaa juu ya mahameli na gundi kwenye sketi?"

Nikajitazama. Kweli, gundi ilikuwa imeniganda pembeni mwa sketi. Nikaruka kama niliyeketi kwenye moto.

"Fundi gani wewe?" Sasa sauti ilikuwa inapanda. "Nani kakufundisha kupanga mahameli kichwa kwa miguu? Mahameli unaipapasa kwanza! Unachora mshale kwa nyuma, kila kipande mshale, yote inatazama upande mmoja, ndipo unashika mkasi. Kitambaa unakifahamu kwa jina tu, badala ya kuuliza unakata, kwa sababu una haraka. Tangu mdogo una haraka! Ulikuwa unavaa viatu hujafungua kamba. Haya, unalia nini? Yakidondokea kitambaa yataacha madoa, na jora jingine hakuna!"

Nililia zaidi. Nililia nikicheka, na sijui vilichanganyikaje. Mama mmoja barabarani alimwambia mwenzake, "Masikini, mzee anamwonea." Nikatamani kumkumbatia.

Baba alilitupa begi juu ya rundo la sponji na kuingia bandani. Alinyanyua kipande kimoja baada ya kingine, akivipapasa, akiviweka mafungu. "Hivi viko sawa. Hivi umevipindua. Leta kochi ndani, fumua ule mgongo wa kulia." Kumbe kulikuwa na njia. Kile kipande kilichopinduliwa unakigeuza, unakata upinde mpya upande ule ulionyooka, na ule upinde wa zamani unaukata kabisa. Kitapungua kwa chini, ndiyo, lakini chini ya mgongo panafichwa na sehemu ya kukalia, hakuna maharusi watakaochungulia huko. Pale unaungia kitambaa chochote kigumu.

"Kwa nini uvalishe mahameli mahali ambapo hakuna anayeona?" aliuliza. "Una mahameli ya kuchezea?"

"Sina, baba."

"Basi."

Nikakaa kwenye cherehani yangu nianze kuunga. Tangu arudi hakuwahi kuigusa. Akifagia bandani alikuwa anaizunguka kwa mbali, kama mtu anayemzunguka mbwa wa watu. Nilishona mshono wa kwanza, akanyoosha shingo. Wa pili, akaguna.

"Toka hapo," akasema. "Nipishe."

Mikono yangu ilibaki juu ya kitambaa. Yeye pia nadhani alisikia alichosema, kwa sababu alisita, na nikaona lile "samahani" linakuja usoni kwake. Sikulingoja. Nikainuka, nikampa kiti. Akaketi, akaweka miguu, akaivuta taa karibu. Alishona mbele yangu kwenye cherehani, mshono umenyooka kama barabara ya lami, na mimi nilisimama pembeni nikimshikia kitambaa.

Jioni Mama Ukumbi alikuja kukagua. Alisimama mlangoni, akasikia ninavyoambiwa kwamba stepla zangu zimekaa kama meno ya kinyonga, kwamba nivute kitambaa, nivute, kwani sijala leo? Akanivuta kando.

"Huyu mzee umemwajiri lini? Mfanyakazi anakufokea hivyo, na wewe umenyamaza tu?"

"Sijamwajiri," nikasema. "Ni baba yangu."

"Na wewe, mama," baba alisema bila kuinua kichwa, "kama umekuja kusimama, shika huku mwisho, tunyooshe."

Mama Ukumbi akashika. Sikuamini macho yangu.

Makochi yalifika ukumbini Jumamosi asubuhi, rangi moja mbele na nyuma. Jumapili baba alikaa katikati ya kanisa, kati ya wajukuu. Ulipofika wakati wa Meza ya Bwana alisimama, na mimi nikashika roho mkononi nikitazama miguu yake itageukia wapi. Akapanga foleni. Alikuwa mbele yangu, akageuka mara moja tu, kunong'ona kwamba nimefunga kitambaa cha kichwa upande.

Lakini siku za haraka na siku za ibada hazinidanganyi mimi. Mtu unampima siku ya kawaida.

Jumatatu niliamka, nikakaa kitandani nikisikiliza. Hakukuwa na sauti ya ufagio. Nikatoka na tongotongo zangu, mlangoni hakuna mtu. Uwanja ulikuwa mchafu: nyuzi, vipande vya sponji, majani, maganda waliyotupa watoto. Kwenye kamba ya nguo begi la baba lilikuwa limeanikwa, limefuliwa, zipu wazi, tupu. Yeye mwenyewe nilimwona kupitia dirishani, amekaa kwenye kochi kubwa la sebuleni, miguu ameinyoosha, anapuliza chai. Hakuniangalia.

Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani. Nikauchukua, nikaanza kufagia.

Nilikuwa nimefika karibu na lango sauti ilipotoka ndani, kubwa, ya kusikika mtaa mzima.

"Sindano!"

Mkono wangu ukasimama.

"Sindano! Hujafagia pale pembeni!"

"Abee, baba," nikaitika, na nikarudi kufagia pembeni.